Nani Alimaliza Mwaka wa Sita

Siku waliponiaga kazini walinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba ndefu ambayo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine, maana mimi sikuwahi kuwa nguzo ya kitu chochote. Nilikuwa sekretere wa shule ya sekondari. Nilikaa ofisi ya kwanza mkono wa kushoto ukiingia, ile yenye dirisha lisilofungika, nikaandika majina ya watoto wa watu miaka nenda miaka rudi. Ninyi vijana mliobaki pale mmeniomba niwaachie maneno ya kuwasaidia. Haya, naandika. Lakini msitegemee mtu mwenye majibu. Katika kazi ile kuna jambo moja ambalo nikiliwaza mpaka leo kichwa kinanizunguka, na ndilo nitakalolieleza. Hayo mengine kompyuta yenu inayajua.

Nilianza kabla ya vita, treni bado inafika hapa kwetu Kindu na watu bado wanagombana kwa sababu imechelewa. Mimi mwenyewe shule niliiachia mwaka wa nne. Baba alisema imetosha, nami sikubisha kwa kuwa nilikuwa nimechoka na hesabu. Baadaye sana ndipo niligundua kwamba nilichoka na hesabu tu, si na shule nzima. Kwa hiyo mjue kwamba diploma zote zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za wengine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalonda, sekretere aliyenitangulia, mtu wa Kailo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya mashini ya kuandika, akanipa karatasi kuukuu za mitihani, akaniambia nipige alfabeti upande wa nyuma. Nilipiga alfabeti tangu asubuhi mpaka saa sita. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akanifungulia daftari kubwa la majina, pana kama sinia la wageni, akasema, "Mutoto atakuja hapa na mudomo na karatasi. Mudomo inaweza kudanganya. Wewe sikiliza karatasi." Nililishika neno lile kama sala. Nalitaja si kwa ubaya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na hakuniita mjinga hata siku niliyomwaga wino juu ya buletini, zile karatasi za matokeo, za darasa zima.

Daftari lilikuwa na safu ya mwisho ya maoni. Mvulana akiacha shule, Mzee aliandika "amehama". Msichana akiacha, aliandika "ameolewa". Hakuuliza. Mwaka wa kwanza wasichana walijaa kurasa tatu. Ukifika mwaka wa tano unaweza kuwaita wote kwa pumzi moja na pumzi ikabaki. Nilimuuliza Mzee wanakwenda wapi. Alijikuna shingo, akasema labda wasichana hawapendi kemia. Nilimwamini, nilikuwa mdogo.

Alipostaafu nikaanza kuuliza mwenyewe. Nilipeleka swali mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli, ambako watoto walivuka kwa mtumbwi kuja shuleni. Mmoja alikuwa anauza mihogo badala ya mama aliyelazwa. Mwingine alikuwa na nguo moja ya shule na wadogo wawili wa kuichangia. Mwingine kaka zake walisema mwalimu wa biolojia anamtazama sana, na nilipomchunguza yule mwalimu, kweli alikuwa anamtazama sana. Mwingine aliolewa, ndiyo, lakini aliolewa baada ya kuacha shule, kwa sababu alikuwa amekaa tu nyumbani. Nilitafuta sababu moja ya kumpelekea Prefe, mkuu wetu wa shule, nikapata sababu kwa kila jina. Nikarudi ofisini nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Halafu vita. Ilikuja, ikaenda, ikarudi na watu wengine waliosema ni vita nyingine. Treni ilinyamaza. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na mimi kila mara nilibeba daftari langu kichwani ndani ya beseni, juu yake nimeweka majani ya mihogo, ili askari wa kizuizi cha njiani aone mama anayekwenda kupika. Utepe wa mashini ulipokauka niliulowesha kwa wino wa muhuri na tone la mafuta ya mawese. Herufi zilitoka, na karatasi ikanuka mboga. Wazazi walilipa walimu kwa mchele na walimu wakafundisha. Msiniulize walipata wapi moyo.

Tatizo kubwa likawa karatasi. Sheria ilisema hakuna kuingia mwaka wa tano bila buletini za mwaka wa tatu na wa nne, maana bila hizo faili la mtihani wa serikali wa mwaka wa sita lingerudishwa. Na watu walikuwa wanatoka porini bila hata viatu. Asiye na karatasi aliambiwa arudi mwanzo. Mvulana alinung'unika, akarudi mwanzo. Msichana wa miaka kumi na sita ukimwambia akakae na watoto wa mwaka wa kwanza, kesho humwoni, na keshokutwa ukimwona, amebeba mimba au amebeba mzigo.

Asubuhi moja ya kuandikisha alikuja mama mmoja na binti yake. Walitoka upande wa Kibombo kwa miguu, wiki nyingi ndani ya mapori. Mama alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kifuko cha plastiki, na ndani ya kifuko buletini mbili, za mwaka wa tatu na wa nne, zimekunjwa mara nane. Matokeo mazuri. Jina: Mwavita.

"Zingine ziliunguaka na nyumba," mama alisema. "Ile tu njo ilibakia."

Nilimwangalia binti. Kwa buletini alipaswa kuwa na miaka ishirini. Aliyesimama mbele yangu alikuwa na magoti ya mtoto aliyekua haraka. Nikamuuliza, "Njo wewe Mwavita?"

Alimtazama mama yake kwanza, kisha akanitazama mimi. "Ndiyo, Mama Sekretere."

Nikaandika. Mwavita, mwaka wa tano, mchepuo wa ualimu. Je, nilijua? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyopiga muhuri. Siku nyingine nasema sikujua, nilisikiliza karatasi kama nilivyofundishwa. Siku nyingine nakumbuka kwamba nilimtazama magoti, na mtu asiye na shaka hatazami magoti. Pengine nilijua kwa mkono na sikujua kwa kichwa.

Katika darasa lile la wanafunzi arobaini, wasichana walikuwa wanne. Imla ya kwanza ya Kifaransa ya huyu Mwavita ilikuwa aibu, mwalimu aliniletea niione. Tena alikuwa na tabia ya ajabu: walimu wakiita "Mwavita", haitiki mpaka jirani amguse. Mwalimu mmoja aliniambia nimwandikie mzazi, binti hasikii vizuri. Nikaandika. Lakini alisoma. Alikuja mapema kuliko mlinzi, akanakili masomo ya mwaka wa tatu na wa nne kutoka kwenye madaftari ya watu, na nilidhani ni mtu wa bidii anayerudia, kumbe anasoma mara ya kwanza. Mwisho wa muhula wa pili alikuwa wa tatu darasani. Nilipiga matokeo kwa mashini, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi yangu, na jina lake nikalipigia mstari kwa kujivunia, kwa sababu alikuwa msichana.

Ubao ule ulisomwa na kila mpita njia. Vita ilikuwa imetunyang'anya magazeti.

Baada ya wiki kama tatu akaja mwanamume na baiskeli, suruali imejaa tope mpaka mapajani, pamoja na baba yake mdogo, mzee mwenye kofia. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akapiga hodi.

"Jambo, Mama. Miye Ramazani, wa Kibombo. Minakuja kuchukua bibi yangu."

Nikamwambia hapa ni shule, hatufugi wake za watu.

"Iko hapa," akasema. "Mwavita. Jina yake iko pale inje. Waliniambia alikufa mu pori wakati wa kukimbia. Mwaka muzima nilikuwa nalia. Sasa mutu wa kwetu alipita hapa, akasoma, akakuja kuniambia: bibi yako iko anasoma ku Kindu, iko wa tatu." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa wakati mmoja, na alikuwa amebeba nguo mpya ya kike ndani ya mfuko wa karatasi. "Miye siko na hasira. Mumuite tu nimuone."

Vijana wangu, mnaosoma haya mkidhani kazi ya sekretere ni kupiga muhuri, nawaambia ukweli: siku ile muhuri haukunisaidia. Nilielewa yote kwa mara moja, magoti, imla, jina lisiloitikiwa, na bado sikuweza kumwambia. Nilikwenda kumwita Prefe, mtu mwembamba wa Kalima aliyeogopa askari na makosa ya Kifaransa kwa kiasi kilekile. Naye akamwita binti.

Binti akaingia na chaki mikononi. Ramazani alisimama, akamtazama usoni, akatazama nyuma ya binti, mlangoni, kama kwamba mwingine anafuata. Hakufuata mtu.

"Shemeji," binti akasema.

"Feza," akasema Ramazani. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, mfuko wake mapajani.

Ndipo Feza akaeleza, polepole, anaangalia sakafu. Mwavita, dada yake mkubwa, alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi vita ilipowakuta. Akaugua njiani, homa na miguu, wakamzika chini ya majani kwa haraka kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yao. Buletini za Mwavita mama alizihifadhi kama ukumbusho. Za Feza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza mwaka wa tatu, ziliungua. "Waliniambia bila karatasi nitaanza mwanzo," alisema. "Nilikuwa nataka nisianze mwanzo."

Prefe alisema neno "fraude", yaani udanganyifu, mara nne, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alitaka kumfukuza siku ileile. Na yule mzee mwenye kofia, baba mdogo wa Ramazani, akakohoa, akasema kwa utaratibu kwamba basi jambo si gumu. Dada amekufa, mdogo yuko, mali ya ndoa ilitolewa kwa familia moja. Kwa desturi yetu mdogo anakaa mahali pa dada yake. Wamchukue Feza, na shule itakuwa imeondokana na matata yake. Prefe alimtazama kwa shukrani. Binti alibana chaki mpaka ikavunjika.

Nayaandika haya mjue: sekretere wenu, aliyezunguka Alunguli akiuliza wasichana wanakwenda wapi, alinyamaza wakati mmoja wao anapelekwa mbele ya macho yake.

Aliyesema ni Ramazani, bado amekaa chini. "Baba mudogo, Mwavita nilimutoa mu shule mu mwaka ya ine. Niliahidi baba yake atamaliza shule kwangu. Kila mwaka nilisema mwaka ujao." Akajifuta uso kwa mkono wenye tope. "Hii mutoto ameisha kukaa mu nafasi ya dada yake. Iko mule mu darasa. Mumuache amalize." Akamgeukia Prefe. "Jina ni ya bibi yangu. Kama miye mwenyewe sina matata nayo, nani iko nayo?"

Prefe alimfungulia mlango. Ramazani akampa Feza ule mfuko wa nguo, akapanda baiskeli, wakaondoka. Hakunywa hata maji.

Kilichobaki kikawa changu. Prefe alisema hakuona kitu, na daftari liko kwa sekretere. Nikisahihisha jina, Feza hana buletini, hana mtihani. Nikiliacha, nimeandika uongo nikiwa macho. Nilimkalisha binti mbele yangu nikamuuliza anataka nini.

"Minataka kufanya mutihani, Mama."

"Na jina lako?"

"Itaningoja."

Nikamwambia ndiyo, jina ni kitu kidogo, ukishapata diploma tutakwenda mahakamani, siku moja inatosha. Nilimwambia hivyo kwa moyo wangu wote. Kati ya yote niliyowahi kumwambia mwanafunzi, hilo ndilo ningependa kulirudisha mdomoni.

Mwaka wa sita walibaki wasichana watatu, halafu wawili. Feza alifanya mtihani. Matokeo tuliyasikia kwa redio, watu wamejaa kwenye parseli, yaani uwanja wa nyumba ya wazazi wake, redio imewekwa juu ya kinu. Lilipotajwa jina la Mwavita vijana walimmwagia Feza pudre, ile poda ya sherehe, kichwani mpaka akawa mweupe mabegani, wakaimba. Mama yake aliingia ndani. Nilimfuata, nikamkuta amekaa kitandani analia kilio cha matanga, kile cha kurudiarudia jina, kilio ambacho porini hawakupata nafasi ya kukilia. Nje wanaimba Mwavita, ndani analiliwa Mwavita. Nilisimama mlangoni bila kujua niende upande gani. Nilichukia redio, nilijichukia, na nilikuwa na furaha, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokubali kuondoka.

Mahakamani hatukwenda. Mwanzoni kwa sababu ya vita. Kisha akapata kazi ya kufundisha, na kazi ile ilikuwa ya Mwavita. Kisha wakatokea watu waliotaka kumchongea serikalini, kwa hiyo mama yake akaanza kumwita Mwavita mbele za watu, ili asije akateleza. Baadaye hata jikoni. Baba yake alifariki akimwita Mwavita. Alipoolewa, cheti kilisema Mwavita. Mimi peke yangu nilimwita Feza, tukiwa wawili, na aliitika haraka kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini.

Leo ni mwalimu wa mwaka wa tano palepale shuleni, mnamfahamu wote, ni yule asiyevumilia wavulana wanaokaa mbele. Wasichana wakikosa siku tatu, anavuka mto mwenyewe kuwauliza mama zao. Darasani kwake sasa wasichana ni karibu nusu, na katika safu ya maoni anaandika sababu ya kila mmoja, sentensi nzima. Mkimwona Jumatatu mwiteni Mwalimu tu, jina msimwite.

Mwezi uliopita, wiki chache baada ya mimi kustaafu, alikuja nyumbani na karatasi ya mahakama. Alisema amechoka. Anataka kuzeeka na jina lake. Karani alimwambia inawezekana, lakini kwanza Mwavita atangazwe amekufa, kwa sababu serikalini yuko hai na ana darasa. Anahitajika shahidi, na linahitajika neno la mzazi aliyemzika. Nikasema mimi nitashuhudia, watafanya nini, sina tena kazi ya kufukuzwa. Tukaenda kwa mama yake.

Amezeeka sana yule mama. Tulimkuta anachambua mchele kwenye ungo, anatoa mawe kwa vidole ambavyo bado vinaona kuliko macho. Tulimsalimu, nikamweleza taratibu kwamba mahakama inataka kujua habari za yule binti aliyebaki porini, ili waandike vizuri. Aliendelea na mchele. Nikamuuliza kama karani atakavyouliza, "Mama, nani alibakia mu pori?"

"Feza," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Feza wangu," akasema, wala hakusita. "Alikuwa mudogo. Miguu ilimuvimba, nikashindwa kumubeba. Tulimufunika na majani." Akamshika mkono binti yake aliyekaa karibu naye, mkono ukawa mweupe kwa vumbi la mchele. "Mungu aliniachia huyu. Mwavita njo alisoma."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Feza alinitazama, nikaufunga.

Feza alitoa jiwe moja kwenye mchele kwa mkono uliobaki huru. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za jirani, "Alilia, Mama?"

"Hapana. Alisema tutangulie."

Feza akaikunja ile karatasi ya mahakama, akaiweka chini ya paja lake. "Pole, Mama," akasema.

"Asante, Mwavita."